Mheshimiwa Alivyochukua Mimba

Nchi yetu ilikuwa na jina. Siku moja mwananchi mmoja alisimama mkutanoni akalalamika kwamba jina lenyewe ni refu mno, halienei mgongoni mwa fulana, na mbunge wa pale akamjibu kuwa hoja yake ni nzuri na ameichukua. Tangu siku hiyo jina halijarudi. Sisi wenyewe tunasema tu "nchi yetu", na tukiwa ugenini tukiulizwa tunakotoka tunaonyesha kwa kidole.

Naomba msomaji asicheke, maana kuchukua ndiyo kazi kubwa ya mbunge katika nchi yetu, na inafanywa kwa uadilifu. Zamani, kabla ya maendeleo, mtu aliyekuwa na shida aliitatua mwenyewe, au aliwapikia majirani pombe wakaja wakaitatua pamoja, bila kumbukumbu, bila picha, bila hata mgeni rasmi. Shida nyingi zilipotea hivyo na taifa halijui zilikwenda wapi. Ndipo Bunge likatunga Sheria ya Mambo Yaliyochukuliwa. Sheria hiyo ina kifungu kimoja tu, kwa sababu vingine vilichukuliwa ili vikaboreshwe. Kinasema hivi: mbunge akitamka mbele ya watu kwamba jambo amelichukua, na watu wakapiga makofi, jambo hilo ni mali yake mpaka atakapolimaliza mwenyewe, na mtu mwingine yeyote atakayeligusa, kulipunguza au kulitatua, ni mwizi.

Mimi ni Lwitiko, karani wa ofisi ya mbunge wa Msegese, Mheshimiwa Ladislaus Mtambuka. Nina mwandiko wa wastani na heshima kubwa. Kazi zangu ni mbili. Ya kwanza ni kutunza Daftari la Yaliyochukuliwa, ambalo wakati wa habari hii lilikuwa na mambo elfu nne mia moja na kumi na mawili, yote mazima, hakuna hata moja lililotatuliwa. Ya pili ni kutoa karatasi ya kila mwezi iitwayo *Mbunge Wako Anakujulisha*, ili mwananchi asikae gizani. Karatasi hiyo inasaidia sana. Watu wa kijiji cha Lusungwe, kwa mfano, walikaa miaka kumi bila maji wakidhani labda ni wao tu hawajui kuyatafuta, mpaka Mheshimiwa alipowajulisha rasmi kwamba hawana maji. Wazee walishukuru, wakasema angalau sasa jambo linajulikana.

Ni huko huko Lusungwe yalikotokea haya.

*

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa ghala la kahawa. Karani wa ghala alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na saba aitwaye Tusajigwe, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mtu yeyote jimboni. Barua zote za kijiji kile aliziandika yeye: za kuomba kazi, za posa, za kuomba radhi. Zilipofika ofisini kwetu, kabla ya kuzifungia kwenye jalada nilikuwa nazitazama kwanza kidogo, si kwa ajili ya habari, kwa ajili ya herufi. Siku ile Tusajigwe alikuwa na mimba ya miezi minane. Alisimama, akaeleza kwa ufupi kwamba zahanati yao haina kitanda cha kuzalia, na akajitolea mfano yeye mwenyewe.

Hapa ndipo nilipokosea, na sitaki kumsingizia mtu. Kalamu yangu iligoma. Nilipokuwa naitikisa, sentensi ya kitanda ikapita. Wino uliporudi nikasikia "mimi mwenyewe hapa nina mimba", nikaandika mimba. Nikampelekea Mheshimiwa kikaratasi kama kawaida, kwa kuwa Mheshimiwa huwa hasikilizi maswali moja kwa moja. Ana karani wa kumsikilizia. Akasoma, akavua miwani, akawatazama watu kwa huruma.

"Ndugu wananchi," akasema, "suala la mimba ya dada yetu huyu ni zito. Mimba hii nimeichukua."

Watu wakaangua kicheko. Si kawaida mwanamume mwenye tai kusimama hadharani akasema amechukua mimba. Na waliokuwa wanacheka wakapiga makofi, kama watu wafanyavyo wakifurahi, na sheria haiulizi makofi yamepigwa kwa sababu gani. Nikaandika kwenye daftari. Mwezi ule karatasi yetu ilitoka na kichwa cha habari kwa herufi kubwa: MHESHIMIWA ACHUKUA MIMBA LUSUNGWE. Mke wa Mheshimiwa hakuzungumza naye kwa siku tatu.

Tusajigwe alinifuata siku ile ile, nikiwa nakunja meza, akaniuliza kitanda kimekwenda wapi. Nikamwambia kitanda hakikuchukuliwa, kwa hiyo kisheria zahanati yao inacho.

*

Baada ya wiki nne uchungu ukamshika. Nesi wa zahanati, mama mtu mzima aitwaye Sekela, ambaye alishazalisha nusu ya kijiji, alifika mbio, na mgambo naye akafika mbio, akiwa na nakala ya sheria mfukoni. Mgambo alimweleza nesi kwa adabu zote kwamba mimba hii ni mali ya Mheshimiwa, na kwamba akiigusa, kuipunguza au kuitatua, itabidi amfunge. Nesi Sekela akaiweka mikono yake nyuma. Alisimama hivyo hivyo saa sita nzima, mikono nyuma, akimwelekeza Tusajigwe kwa mdomo, machozi yakimtoka kwa hasira.

Tusajigwe alijifungua kwenye sakafu ya ghala, juu ya magunia, bila kuguswa na mtu. Alikuwa mtoto wa kike. Alilia kwa nguvu, na mgambo, ambaye naye ni mzazi, akageuka akatazama ukutani. Katika kitabu chake, mahali pa kuandika kilichotokea, aliandika: "Imesikika sauti."

Nilipopata taarifa nilimpelekea Mheshimiwa. Aliniuliza kama yeye alikuwepo. Nikamjibu hakuwepo. Akaniuliza kama alimwagiza mtu yeyote. Hakumwagiza. Basi, akasema, mimba haijaisha, kwa sababu ingekuwa imeisha ingekuwa imemalizwa na mtu mwingine, na huyo mtu angekuwa mwizi, na yeye hapendi kumwita mama mzazi mwizi. Nakiri kwamba aliyasema haya kwa moyo mwema. Tukaandika: "Mimba ya Lusungwe inaendelea vizuri."

*

Iliendelea vizuri kwa miaka saba.

Kila mwezi wananchi walijulishwa. Mwezi wa ishirini walijulishwa kwamba hali ni ya kuridhisha. Mwezi wa thelathini na sita ulikuja ujumbe wa wabunge kutoka majimbo mengine kwa ziara ya mafunzo, wakapiga picha na Tusajigwe, na mmoja akamshika tumbo, ambalo wakati huo lilikuwa bapa kwa sababu chakula kilikuwa haba mwaka ule, akasema kweli jimbo hili limepiga hatua. Mtoto alikuwa pembeni anacheza na vibuyu. Walimwuliza ni wa nani, wakaambiwa ni sauti.

Mume wa Tusajigwe alivumilia miaka miwili. Akaondoka akisema hana ubavu wa kulea mimba ya serikali.

Kwetu mwanamke akizaa haitwi tena kwa jina lake. Huitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mtoto aliitwa Atupele, na majirani wote walimwita mama yake Mama Atupele, lakini kwa siri, wakiangalia kwanza kama mgambo hayupo. Mimi mtumishi wa umma sikuweza. Nikikutana naye njiani nilimwita "dada mjamzito", naye aliitikia akatazama kando. Jambo hilo liliniuma kuliko nilivyotegemea. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na nadhani hawakuwa wanamaanisha tumbo la karani, lakini langu ndilo lililouma.

Nyumba ya Tusajigwe ilikuwa na nyufa, na upepo wa milimani hauna heshima, kwa hiyo alizibandika kuta zote kwa karatasi za *Mbunge Wako Anakujulisha*. Mtoto Atupele alijifunza kusoma hapo. Alianza kwa mwezi wa tisa karibu na sakafu, akapanda kadiri anavyorefuka. Alipofika miaka sita alikuwa anasoma mpaka usawa wa dirisha, na alikuwa anazungumza namna ya ajabu kidogo. Akitaka kula alimjulisha mama yake kwamba hali ya ugali si ya kuridhisha.

*

Alipotimiza miaka saba, mama yake alimvika sare ya shule aliyomshonea mwenyewe, akampeleka kwa Mwalimu Bupe kuandikishwa darasa la kwanza. Mwalimu Bupe alikuwa mwanamke mwema na mwoga, mchanganyiko unaopatikana sana katika utumishi. Alimsikiliza mtoto akisoma ukurasa mzima bila kukwama. Kisha akaomba cheti cha kuzaliwa.

Siku ya pili yake Tusajigwe alikuwa ofisini kwangu. Alitembea tangu alfajiri. Hakukaa kwenye kiti nilichompa.

"Kaka Lwitiko," akasema, "sitaki kitanda tena. Sitaki maji, sitaki barabara. Nataka mnirudishie mimba yangu ili mtoto awe amezaliwa. Anataka kwenda shule."

Nilimweleza kwamba tuna fomu ya kuchukua lakini hatuna fomu ya kurudisha, kwa kuwa haijawahi kutokea. Akaniomba karatasi nyeupe, akainama mezani akaiandika fomu yenyewe, hapo hapo, kwa ule mwandiko wake, na mistari ya kusaini na nafasi ya mhuri. Ilikuwa fomu nzuri kuliko zote tulizokuwa nazo. Nikaipeleka ndani kwa Mheshimiwa.

Mheshimiwa Mtambuka aliisoma mara mbili. Halafu akaniambia nifunge mlango, akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. Alisema miaka minne nyuma, katika mkutano, alitoa mfano wa paa la nyumba yake mwenyewe linalovuja, na kwa mazoea ya ulimi akasema, "Hilo nimelichukua," watu wakapiga makofi. Tangu hapo fundi hathubutu kuligusa. Yeye mwenyewe hajui kupanda ngazi. Analala na beseni kifuani, kila akijigeuza maji yanammwagikia.

"Unadhani sipendi kurudisha, Lwitiko?" akasema. "Nikirudisha moja, watakuja wote elfu nne na mia moja kudai vyao. Nitabaki na nini? Mbunge asiye na kitu alichochukua ni mtu tu amevaa suti."

Nikatoka nikamwambia Tusajigwe kwamba fomu yake imepokelewa. Aliniuliza kama imechukuliwa. Nikamwambia hapana, imepokelewa tu. Akashukuru Mungu, akaenda zake.

*

Bahati, au kitu kinachofanana na bahati, ilikuja mwaka ule ule. Uchaguzi ulikuwa karibu, na kutoka makao makuu ya nchi yetu ukaja waraka ukitaka kila mbunge aonyeshe jambo moja alilolimaliza. Moja tu. Ofisini tulikaa siku mbili tukipekua daftari. Daraja lilikuwa kubwa, maji yalikuwa mbali, umeme ulikuwa kwa jirani. Mwishowe kidole cha Mheshimiwa kikasimama kwenye mimba.

"Hii," akasema. "Hii inaweza kumalizika kwa asubuhi moja."

Nilifurahi kweli kweli. Nilipanda mwenyewe mpaka Lusungwe kumjulisha Tusajigwe kwamba Jumamosi, saa nne asubuhi, atajifungua. Alidhani namtania. Alipoelewa alikaa chini kizingitini akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, kikarudi kuwa kicheko. Akauliza kama Jumatatu mtoto ataweza kuanza shule. Nikasema sioni kwa nini asiweze.

Jumamosi zahanati ilipambwa kwa migomba. Kitanda kiliazimwa kutoka nyumba ya wageni, pamoja na blanketi lake lililoandikwa MALI YA GESTI. Kwaya iliimba, ngoma ikapigwa, na mkubwa mmoja kutoka wizarani alikaa mbele akiwa na kitabu cha kuhakiki. Tusajigwe alilazwa kitandani. Chini ya blanketi, miguuni pake, alikunjwa Atupele, akiwa ndani ya sare yake ya shule na soksi nyeupe, maana mama yake alitaka mtoto azaliwe akiwa tayari. Nesi Sekela aliruhusiwa kutumia mikono.

Mheshimiwa alishika kipaza sauti. Alihutubia dakika arobaini. Alisema wapo waliobeza, waliosema mimba hii haitafika popote. Alisema miaka saba si mingi katika maisha ya taifa. Alisema mstahimilivu hula mbivu, na kwamba wakunga wa kawaida humaliza mimba kwa miezi tisa kwa sababu ya pupa. Chini ya blanketi mtoto alipiga chafya mara mbili, na mara zote mbili watu walimpigia makofi.

Hatimaye Mheshimiwa akasema kwa sauti nzito, "Sasa naimaliza," akalivuta blanketi.

Atupele akateremka kitandani. Tulikuwa tumekubaliana alie. Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe, alie kidogo tu, kwa ajili ya kumbukumbu. Lakini mtoto alikuwa amelelewa vizuri, na alipomwona mtu mzima mbele yake akasahau mafunzo yote. Akapiga goti.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba," akajibu Mheshimiwa, naye akiwa amesahau.

Yule mkubwa wa wizara akaandika kitabuni mwake: mtoto wa kike, kilo kumi na tisa, amezaliwa na sare na adabu.

*

Cheti niliandika mimi. Tuliwekewa meza chini ya turubai, kwaya ikiendelea. Nikaandika jina la mtoto, jina la mama, jina la kijiji. Kwa mara ya kwanza nikamwita, mbele za watu, Mama Atupele, na aliposikia akaniwekea mkono begani. Kisha nikaandika tarehe, nikagonga mhuri.

Mtoto alikuwa amesimama kati yetu, kidevu chake kikifika mezani. Akasoma kwa sauti, kama alivyozoea kusoma kila kitu: "Tarehe ya kuzaliwa. Leo."

Mama yake aliutoa mkono begani kwangu.

"Lwitiko," akasema, "huyu ana miaka saba."

Nikamweleza polepole, kwa sababu nilikuwa nampenda kama mtu wa kwetu na nilitaka aelewe. Nikiandika tarehe ya kweli, nitakuwa nimesema mimba iliisha miaka saba iliyopita, yaani haikumalizwa na Mheshimiwa. Itakuwa imemalizwa na mwizi.

"Mimi ndiye niliyeimaliza," akasema. "Andika mimi. Nifungeni."

"Na mtoto?"

"Mtoto aende shule."

"Mtoto atakuwa mali ya wizi, Mama Atupele. Mali ya wizi ni kidhibiti. Vidhibiti vinakaa stoo ya polisi mpaka kesi iishe."

Alikuwa karani naye, anajua kesi zinaishaje katika nchi yetu. Alikichukua cheti, akakipuliza wino ukauke, akakikunja mara nne. Nilitaka kumwomba radhi, radhi ya ile kalamu, ya miaka yote, lakini kwaya ilikuwa karibu mno, na mtu hawezi kuomba radhi kwa kupiga kelele. Mpaka leo sijamwomba.

Jumatatu alikwenda shuleni hivyo hivyo. Mwalimu Bupe alikifungua cheti, akahesabu kwa vidole, akasema mtoto ana siku mbili. Akasema kwa sauti ndogo kwamba nafasi yake ataitunza, warudi baada ya miaka saba. Atupele, ambaye hadi hapo hakuwahi kulia mbele ya ofisi yoyote, alikaa chini kwenye vumbi na soksi zake nyeupe akalia kilio ambacho Jumamosi tulimwomba akakosa kukitoa.

Mama yake hakumbembeleza. Nafikiri hakuwa na nguvu. Alisimama ameegemea mlango wa darasa, akitazama mbele bila kuona, na macho yake, kwa mazoea tu, yakaanza kusoma tangazo lililobandikwa mlangoni. Lilikuwa la kisomo cha watu wazima, kinachofundishwa darasa hilo hilo kila siku alasiri. Lilisema wanakaribishwa wote wasiojua kusoma na kuandika. Na chini, kwa herufi ndogo ambazo hakuna asiyejua kusoma angeweza kuzisoma, lilisema kwamba mwanakisomo mwenye mtoto ambaye hajafikia umri wa shule anaruhusiwa kuja naye, ilimradi ampakate.

Tusajigwe alilisoma mara mbili. Akamwinua mtoto, akampangusa vumbi, akarudi ndani.

Mwalimu Bupe alinisimulia kilichofuata, maana alihitaji kumsimulia mtu. Alisema Tusajigwe alimwambia anataka kujiandikisha kisomo. Mwalimu akamwambia, mama, wewe ndiye uliyeniandikia barua yangu ya kuomba kazi hii. Tusajigwe akasema hakumbuki. Mwalimu akamsukumia fomu, na fomu ilisema, "Mimi mwombaji nathibitisha kuwa sijui kusoma wala kuandika." Tusajigwe aliisoma mpaka mwisho, akasahihisha kwa jicho nukta iliyokuwa imekosewa, kisha akachovya kidole gumba kwenye wino akakikandamiza.

Ghala la kahawa lilimwachisha kazi wiki ile ile, kwa kuwa haiwezekani karani awe hajui kuandika. Sasa anapalilia mashamba ya watu asubuhi. Barua za kijiji zimekoma. Alasiri anakaa dawati la mbele, mtoto mapajani, na mikono ya mtoto ndiyo inayofika mezani. Atupele anafanya hesabu, anaandika insha, anarekebisha wazee wa nyuma. Mwezi uliofuata wananchi tuliwajulisha kwamba Msegese imempata mjinga mmoja mpya, na kwamba suala hilo lipo chini ya uangalizi.

Kuna mtihani kila mwisho wa mwaka. Anayefaulu anapewa cheti na haruhusiwi kurudi, yeye wala anayempakata. Kwa hiyo Tusajigwe lazima afeli, mwaka huu na mingine sita baada yake, mpaka mtoto mwenye miaka kumi na minne aruhusiwe kuingia darasa la kwanza kwa miguu yake. Mheshimiwa alinituma niusimamie mtihani wa kwanza kwa niaba ya ofisi.

Swali lilikuwa moja: andika jina lako. Nilipita kati ya madawati nikasimama nyuma yake. Mtoto amekuwa mzito sasa, lakini mama alimshika vizuri. Aliichukua penseli na, kabla hajajizuia, akaandika T na u na s, zile herufi zake nilizokuwa nikizitazama ofisini, zimelala upande mmoja, safi. Akasita. Akazifuta zote kwa mate. Akaihamishia penseli mkono wa kushoto, akaanza upya, polepole, akipinda kila mstari, akaacha j, akageuza e, akakosea jina lake mwenyewe kwa uangalifu mkubwa.

Nikampa sifuri. Akaitazama karatasi kwa muda, akahakikisha kwamba ni sifuri, akamteremsha mtoto chini, wakaenda nyumbani.